Tangi la Tatu Limelala

Mwaka ulikuwa elfu moja mia tisa themanini na nne, mwanzoni mwa majira ya baridi, majuma sita baada ya zabibu kuvunwa. Jua lilikuwa limefanya uchoyo tangu mizabibu ilipochanua, na zabibu ziliingia ghalani zikiwa ndogo, ngumu, na kali kiasi cha kumfanya mtu afumbe jicho moja anapozitafuna.

Ghala lenyewe lilikuwa jengo refu la mawe, lenye sakafu ya saruji iliyoinama kidogo kuelekea mfereji wa katikati ili maji ya kuoshea yasituame. Ndani yake mlikuwa na matangi matano ya chuma, mapipa kumi na mawili ya mbao, na pembeni kabisa chumba kidogo chenye dirisha moja, meza ya vigae vyeupe na rafu ya vyombo vya kioo. Hicho kilikuwa chumba cha vipimo. Mwanamke aliyekitumikia kwa miaka kumi na tisa aliitwa na watu wote Mpimaji, hata na kaka yake wa tumbo moja, msimamizi wa matangi.

Baba yao ndiye aliyelianzisha ghala hilo. Wakulima waliomletea zabibu walimwita Mzee Ulimi, wala hawakumaanisha kwamba alikuwa msemaji. Walimaanisha kwamba akitia funda moja la mvinyo kinywani na kulizungusha mara mbili, aliweza kutaja gramu za sukari zilizobaki katika lita, na kipimo kilichofanywa baadaye kilimfuata nyuma kama mtumishi.

Sukari ndiyo inayoupa mvinyo jina lake. Maji ya zabibu huingia tangini yakiwa matamu; chachu huila sukari hiyo na kuigeuza kuwa kileo; na kile chachu inachokiacha bila kukila ndicho kinachohesabiwa. Usiozidi gramu nne katika lita ni mvinyo mkavu. Kutoka nne hadi kumi na mbili ni nusu mkavu. Kutoka hapo hadi arobaini na tano ni nusu mtamu, na unaopita hapo ni mtamu bila ubishi. Upo mlango mmoja wa nyuma, nao ni halali: mvinyo wenye asidi nyingi, ambayo sukari haijaizidi kwa zaidi ya gramu mbili, huruhusiwa kuitwa mkavu hadi gramu tisa, kwa kuwa ukali wake huufunika utamu.

"Kwa hiyo ukiwa mkali vya kutosha unasamehewa sukari yako," mke wa kaka yake alimwambia Mpimaji alipoelezwa jambo hilo. "Basi mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mkavu."

"Wifi, nyamaza," Mpimaji alisema, lakini alicheka hata akalazimika kuweka chini chombo alichokishika.

Hapo walikuwa bado wanacheka.

Tangi la tatu lilikuwa na mvinyo mwingi kuliko mengine yote, lita elfu nane za mweupe, nalo lilikuwa limeahidiwa kwa mnunuzi mmoja aliyekuwa akimtuma wakala wake kila mwaka. Mnunuzi huyo alitaka mvinyo mkavu, hakutaka kingine. Mwenye jengo naye alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba hatawapangisha mwaka mwingine asipoona mkataba wa mnunuzi huyo mezani pake. Wakala akilichukua tangi, ghala lingeishi. Asipolichukua, lingefungwa, na wakulima thelathini na wanne wangetafuta pengine pa kupeleka zabibu zao, na pengine hapakuwapo.

Kila mwaka, tangi lilipoacha kutoa povu, wakulima walialikwa ghalani kusikia tamko. Mzee Ulimi alisimama mbele yao akiwa amevaa koti, akaonja, akatamka. Kisha Mpimaji aliingia chumbani mwake, akaichemsha dawa ya buluu, akiidondoshea mvinyo tone baada ya tone mpaka ubuluu utoweke na masimbi mekundu yabaki chini. Matone machache yakitosha kuufuta ubuluu, sukari ni nyingi. Yakihitajika mengi, sukari ni kidogo. Kazi hiyo ilichukua nusu saa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ametoka chumbani na kusema, "Kama alivyosema Baba," na watu walipiga makofi.

Mwaka huo alianza kwa kuzamisha chelezo, kile kijiti cha kioo chenye namba ambacho huelea katika mvinyo. Kilishuka hadi chini ya sifuri kwa unene wa unywele. Asiyejua angefurahi. Mpimaji alijua kwamba kileo ni chepesi kuliko maji, na kwamba mvinyo mkavu kweli ungekizamisha chelezo mistari kadhaa zaidi. Alifungua kinywa ili aseme, lakini baba yake alikuwa amekwisha kumeza.

"Mkavu," Mzee alitamka. "Gramu tatu. Zikizidi, tatu na nusu."

Makofi yalipigwa, na safari hii hakuna aliyengoja kipimo. Mpimaji alisimama na chelezo chake mkononi. Kuingia chumbani wakati huo, na uso aliokuwa nao, kungekuwa sawa na kumwambia baba yake mbele ya watu thelathini na wanne kwamba ulimi wake umezeeka. Akajiambia kwamba ataipasha dawa moto baadaye, watu wakishatawanyika. Walipotawanyika akajiambia kesho. Alasiri hiyohiyo kaka yake aliutoa mvinyo juu ya masimbi, yale mashapo yenye chachu hai, akauhamishia tangi safi, akautia salfa ili utulie, kama ilivyo desturi ya mvinyo uliokwisha kazi. Masimbi yenyewe aliyamwaga mferejini na kuyafuatisha maji. Namba ya tatu akaipiga rangi upya kwenye tangi hilo safi, kwa sababu kwao namba hufuata mvinyo.

Siku tisa baadaye, Mpimaji alipohitaji kumwandalia wakala karatasi, ndipo alipochemsha dawa. Ubuluu ulitoweka mapema mno. Alirudia. Alirudia tena. Kisha alikaa juu ya kigoda, mikono mapajani, akaitazama gramu kumi na moja.

Alimkuta baba yake barazani akifunga kamba za viatu.

"Baba, tangi la tatu lina kumi na moja."

"Kumi na moja nini?"

"Gramu."

Mzee aliendelea kufunga. "Dawa yako imeharibika."

"Nimeijaribu kwa maji ya sukari niliyoyapima mwenyewe. Dawa ni nzima."

"Basi mkono wako."

"Nimefanya mara tatu, Baba."

Walikwenda pamoja mpaka kwenye tangi. Mzee alijaza bilauri, akaonja, akatema mferejini, akaonja tena. "Huu ni mkavu," alisema. Akaonja mara ya tatu, na safari hii macho yake yalihangaika, kama mtu anayepapasa swichi ya taa katika chumba alicholala miaka hamsini, asikute ila ukuta. "Ni mkavu," alisema, lakini kwa sauti ya chini. Mpimaji aliona wazi kwamba hakuwa anadanganya. Sukari ilikuwapo, naye hakuisikia.

Kaka yake alipoambiwa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Na masimbi nimeyamwaga kwa mikono yangu mwenyewe," alisema. "Ungeniambia subiri, Mpimaji. Neno moja tu. Subiri."

"Najua."

"Ulikiona chelezo?"

"Nilikiona."

Hakumwuliza kwa nini hakusema. Yeye pia alikuwa mtoto wa mzee huyo.

Tangi likikoma kabla ya kumaliza sukari yake, watu wa kazi hiyo husema limelala. Kuliamsha ni shida tupu. Chachu ya pakiti, ile inayouzwa madukani, ikitiwa katika mvinyo wenye kileo tayari hufa kabla ya kufumbua macho. Inatakiwa chachu hai, iliyokwisha kukizoea kileo, itolewe katika tangi linalochemka, yaani ambalo bado linatoa povu. Na wakati huo, katika eneo zima, tangi pekee lililokuwa bado linachemka lilikuwa la Mama Sharubati.

Jina hilo alipewa na Mzee Ulimi. Miaka ishirini iliyopita alionja mvinyo mtamu wa mjane huyo mbele ya wenye maghala wote, akasema kwamba huo si mvinyo, ni sharubati. Alidhani amemzika. Mama huyo alirudi kwake, akatafuta rangi nyekundu, akaliandika neno hilo langoni kwa herufi za kimo cha mtoto.

Mpimaji alimkuta uani akisugua mipira ya kupitishia mvinyo kwa brashi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umetumwa au umejituma?"

"Nimejituma."

"Nilidhani hivyo. Baba yako hata angetumwa na malaika, angeanza kwanza kuuliza malaika huyo amesoma wapi." Aliitundika brashi. "Sema."

Mpimaji alisema yote, hata habari ya chelezo. Mama Sharubati alisikiliza hadi mwisho.

"Kumi na moja. Na Ulimi alitamka ngapi?"

"Tatu."

Mpimaji alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Hakikuja, na kutokuja kwake kulimchoma zaidi.

"Ana miaka mingapi sasa?"

"Sabini na sita."

"Ulimi hutangulia miguu kuzeeka," Mama Sharubati alisema, "na hakuna anayekuambia, maana wote wanakula kwa ulimi huo." Alijifuta mikono. "Sikiliza, mwanangu. Zabibu zangu za mwisho ziko bado mtini, zinasinyaa. Nitazikata baada ya siku kumi na tano. Nimetenga ndoo mbili za chachu kwa ajili ya kuzianzishia, kwa sababu hili tangi langu litakuwa limetulia wakati huo. Ndizo nitakazokupa. Nikizikosa siku hiyo, zabibu zangu zitaozea tangini, na mimi sina tangi la nne wala la tano. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Katika kazi hiyo chachu hai haiuzwi. Huazimwa kwa ndoo, na hurudishwa kwa ndoo, ikiwa hai, kabla mwenyewe hajaihitaji. Aliyeirudisha ikiwa imekufa hapewi tena na mtu yeyote, wala haulizwi sababu.

"Mama, kwa nini unanipa?"

"Kwa sababu umeomba. Chukua uende kabla sijapata muda wa kufikiri."

Wakala alitarajiwa baada ya siku kumi na moja. Mpimaji alizimimina ndoo hizo katika pipa, akazilisha maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo, kisha akaanza kuongeza mvinyo uliolala: lita moja asubuhi, mbili mchana, nne jioni, ili chachu iuzoee kidogo kidogo kama mtu anayeingia maji ya baridi. Siku ya nne pipa lilijaa povu. Alichota ndoo mbili akazitenga katika pipa dogo, za kurudishwa, akaendelea kulilisha peke yake. Chachu iliyobaki ilimiminwa katika tangi la tatu.

Chachu haipendi baridi. Kaka yake alilizungushia tangi magodoro na kuyafunga kwa kamba, na akapitisha maji ya moto katika mpira uliolizunguka mara kumi. Magodoro yalitoka nyumbani kwake.

"Nimeolewa miaka kumi na minne," mkewe alisema, akimletea chai, "leo ndiyo kwanza mume wangu amempa mwenzangu godoro langu. Na mwenzangu mwenyewe ana lita elfu nane."

Asubuhi ya siku ya sita Mpimaji alichemsha dawa: kumi na nukta nane. Ilikuwa imeanza kula. Siku ya saba, kumi na nukta tatu. Ya nane, tisa na nukta tisa. Kaka yake alianza kupiga mluzi. Asidi ya tangi hilo ilikuwa saba na nukta nne; mlango wa nyuma ulikuwa wazi kabisa, kilichotakiwa ni kufika tisa tu. Siku ya tisa, tisa na nukta saba. Ya kumi, tisa na nukta sita. Mpimaji aliweka sikio kwenye chuma. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona akielekea kupitiwa na usingizi.

Siku ya kumi na moja alipima alfajiri. Tisa na nukta sita. Alipima tena kwa dawa mpya. Tisa na nukta sita. Aliweka sikio kwenye chuma, na chuma kilikuwa kimya.

Mzee alikuja akiwa amevaa koti. Tangu siku ya bilauri hakuwa ameonja mvinyo. Alisimama mlangoni mwa chumba cha vipimo, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kusimama, kwa kuwa hakuwahi kuwa na haja ya kuja kuuliza.

"Ngapi?"

"Tisa na nukta sita."

"Andika tisa."

Mpimaji aliivuta karatasi karibu, lakini hakushika kalamu.

"Wewe mwenyewe uliniambia kipimo chako kina kosa la nusu gramu."

"Kosa la nusu linakwenda pande zote mbili, Baba. Huenda ni kumi na nukta moja. Na hata tukiliegemeza upande wetu, bado hatufiki."

"Kwa nukta moja."

"Kwa nukta moja."

"Nukta moja," Mzee alisema polepole, kama neno la kigeni. "Sukari ya kukaa juu ya ukucha. Kwa ajili yake utalifunga ghala la baba yako?"

"Atapima kwao, Baba. Atalirudisha tangi lote, na jina letu litakwenda na maji."

"Huenda asipime."

Mpimaji aliishika kalamu. Alikumbuka siku ya tamko, makofi, na mdomo wake uliofunguka ukafungwa. Aliandika kwa mwandiko ule wa shuleni, wa herufi zilizosimama wima: sukari, gramu 9.6, asidi, gramu 7.4, aina, nusu mkavu. Mzee aliisoma karatasi kutoka juu hadi chini, kisha akainua kola ya koti lake, ingawa haikuwa imelala.

Wakala alikuwa mtu mwenye adabu. Alivua kofia, akaisoma karatasi, akaisoma tena, akaomba bilauri. Alionja kwa utulivu.

"Ningeapa kwamba huu ni mkavu," alisema.

"Umesikia?" Mzee alimgeukia binti yake. "Umesikia mwenyewe?"

"Lakini mimi sinunui kwa ulimi wangu, Mzee wangu," wakala alisema, na hakukuwa na dharau yoyote katika sauti yake. "Nusu mkavu nimeletewa hadi nimeshiba. Mteja wangu ameandika mkavu. Nisameheni sana." Aliirudisha karatasi kwa mikono miwili, akavaa kofia, akaondoka. Hakukaa hata robo saa.

Mzee Ulimi alibaki akiitazama bilauri aliyoiacha mgeni, yenye funda moja chini. Hakuigusa. Alikwenda nyumbani kwa njia ya nyuma, ile isiyopita kwa wakulima.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za kuarifu watu. Mwenye jengo alileta barua mwenyewe, akaomba apewe risiti kwamba imepokewa. Mtengeneza siki alikuja kuliangalia tangi, akasema atalichukua, kwa sauti ya mtu anayesaidia kuondoa mzoga. Baadhi ya wakulima walikuja, wakasimama uani, wakaenda zao bila kuingia. Mmoja alimwuliza Mpimaji kama ni kweli alikiona chelezo siku ile. Alijibu kwamba ni kweli. Mtu huyo alitikisa kichwa, akasema, "Haya, mama," na hilo lilikuwa zito kuliko tusi.

Siku ya kumi na nne kaka yake alimkuta akilisha lile pipa dogo. Povu lilikuwa limepanda hadi ukingoni.

"Hizo ndoo mbili zina nguvu," alisema. "Tukizimimina sasa hivi, na maji ya moto, siku nne au tano tunaweza kuipata hiyo nukta sita. Nimwandikie wakala. Mtengeneza siki hajalipakia bado."

"Mama Sharubati anakata kesho."

"Najua anakata kesho."

Baba yao alikuwa amekaa nyuma ya mapipa, na wote wawili walikuwa wamesahau kwamba yupo. "Mimina," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza katika siku tatu.

"Baba, si zetu."

"Yule ana mvinyo wa sukari. Sukari haitamkosa." Sauti yake ilipasuka katikati. "Mimina, mwanangu. Nakuomba."

Hakuwa amewahi kumwomba kitu. Alikuwa amemwagiza, amemfundisha, amemkaripia; lakini kuomba, la. Mpimaji alimtazama mzee huyo aliyekuwa amekunja mikono juu ya magoti. Kama angemwambia ukweli siku ya tamko, angemwumiza mara moja mbele ya watu. Sasa alikuwa anamwumiza kila siku.

"Wakala atakuwa amekwisha kununua kwingine, Baba," alisema. "Hatarudi. Na tangi hilo halitaamka, nimelisikiliza. Tutaziua ndoo hizi, na kesho zabibu za mama wa watu zitaoza kama zetu."

"Basi na zioze zote," Mzee alisema, na hapo hapo akafunika uso.

Kaka yake alisogea mlangoni, akasimama kama mtu anayetaka kuziba njia. Mpimaji alichota ndoo ya kwanza, akaifunika kwa kitambaa, akachota ya pili. Pipa dogo lilibaki tupu, na katika ghala zima hapakubaki kitu kinachochemka. Alipofika mlangoni akizisukuma ndoo kwa mkokoteni wa mbao, macho ya baba yao mgongoni mwake, kaka yake alipisha. Hakumsaidia kusukuma, wala hakumzuia.

Barabara ilikuwa na mawe, naye alikwenda polepole. Povu lililowesha vitambaa likachuruzika pembeni. Mama Sharubati alikuwa uani na makapu yake yamekwisha kupangwa. Alifunua ndoo ya kwanza, akainama, akaweka sikio, akasikiliza mvumo wake. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili. Alitumbukiza kijiti kupima kina.

"Ziko hai," alisema.

"Ziko hai."

"Na tangi lenu?"

"Limelala."

Mama Sharubati hakusema pole, kwa kuwa Mpimaji hakuwa amekuja kuichukua. Aliinua ndoo moja mwenyewe, akamwashiria aishike nyingine. Walipanda ngazi fupi hadi kwenye mdomo wa tangi lililokuwa limeoshwa tayari kwa zabibu za kesho, wakamimina pamoja. Kisha Mpimaji aliteremka, akaziosha ndoo zote mbili kwa maji safi, akazipindua juu ya ukuta zikauke.